Kielezi Hukaa Wapi

Jumanne, saa moja usiku, juu ya duka la mazulia
mjini Boston, ule mdogo, wa Lincolnshire,
wenye mnara mmoja mrefu na kabichi hadi upeo wa macho,
Bi Glenys Thackray anaandika ubaoni
*has moved out*,
anageuka, wino wa kijani kidoleni, anauliza:
"Sasa huyu *already* tumkalishe wapi?"

Vaidotas anampeleka mwisho kabisa.
Inakubalika, asema mwalimu,
kama mgeni aliyesimama mlangoni na koti lake.
Rumen, dereva wa foklifti, anamsukuma
katikati ya *moved* na *out*.
"Hapo hapana, Rumen. Hao wawili wameoana.
Usilale katikati yao."

Kicheko. Dzintra peke yake hacheki.
Anaandika. Mikono inanuka kabichi;
tangu alfajiri ilikuwa ikibandua majani ya nje,
majani ya nje,
majani ya nje.

*Move* ni kusogea, anajua. *Out* ni nje,
ameiona kwenye geti la kiwanda.
Vikishikana vinazaa kitu cha tatu:
kama *give*, kutoa, na *up*, juu,
halafu ghafla mtu amekata tamaa
bila kutoa chochote, bila kupanda popote.
Lugha gani hii, anajiuliza kwa Kilatvia,
inayotundika uzito wote wa jambo
kwenye kijineno cha mkiani?

Mimi ninayesimulia nisimcheke.
Kwetu tunaficha kiunoni mwa neno:
amehama; na habari ikiwa imepoa, ameshahama,
"sha" imejibana humo ndani
wala hakuna anayeiuliza ilipandia wapi.
Na hajarudi. Itazame hiyo "ja":
silabi moja, imekataa,
na papo hapo imeuacha mlango wazi.
Mwingereza huhitaji kiti cha ziada mwishoni,
*yet*, akae pale akichungulia dirishani.

Zoezi la nne: tungeni sentensi za maisha yenu.

Rumen hatimaye amemaliza kulipia gari lake,
na "hatimaye" yake imekaa barabara, nyuma tu ya kitenzi kisaidizi.
Vaidotas anasimulia basi lililokuwa limeharibika punde tu
bosi alipopiga simu;
mwalimu anachora mshale kurudi nyuma,
kisha mwingine, nyuma ya nyuma.

Dzintra anainua mkono.
Miezi minane hajawahi kuuinua.

"*My husband has already moved out.*"

Polepole, kila neno kama yai mkononi.
*Has*. Kisha *already*, pale pale panapostahili.
Kisha wale wawili, wameshikana,
hakuna kilicholala katikati yao.

"Safi kabisa!" asema Bi Glenys,
na kalamu imekwisha kugusa ubao
ndipo inaposimama.

Bomba la joto linakoroma ukutani.
Chini, mwenye mazulia anashusha mlango wa chuma.
Kwa Kilatvia hajamwambia mtu.
Mama yake, kule Cēsis, bado anatuma jozi mbili za soksi,
moja kubwa.
Kwa Kilatvia sentensi hiyo ina shangazi, ina majirani,
ina picha ya harusi juu ya kabati.
Kwa Kiingereza ilikuwa zoezi la nne tu.

Mwalimu hasemi pole.
Anafuta kidole kwenye sketi, anauliza kwa sauti ya chini:
"Na *yet*, je? Jaribu na *yet*."

Dzintra anainama.
*He hasn't come back*, anaandika,
kisha anaitazama nafasi iliyobaki,
nyeupe, pana kiasi cha neno moja la herufi tatu.

Anaweka nukta.

Nami hapa nilikuwa nimeshaandika: hajarudi.
Nimelifuta.
Hakurudi.